Shamimu na Kisukumizi Kisichosukuma

Ukipanda Goba kwa ile njia ambayo lami hufika mahali ikachoka na kuyaachia mawe yaendelee yenyewe, utaikuta nyumba ya Bi Mwamvita upande wa kulia. Ina geti la kijani, na uani kuna banda refu la kuku ambalo siku hizi halina kuku. Kuku waliuzwa siku ile Shamimu, binti wa kaka yake, alipohamia pale na pipa.

"Wenzako wanaleta wachumba," Bi Mwamvita alimwambia siku hiyo, mikono kiunoni, "weye umeniletea pipa. Haya, lipite. Angalia maua yangu."

Lilikuwa si pipa la maji. Lilikuwa la chuma kinene, limelazwa ubavu juu ya stendi, mbele lina mlango wenye kioo kizito, na nyuma limeungwa na pampu inayonguruma kutwa kama mzee anayekoroma. Kazi ya pampu ni kunyonya hewa yote iliyomo ndani, mpaka pipa libaki tupu kwelikweli, utupu kama ule wa huko juu zinakozunguka satelaiti. Ndani ya utupu huo ndimo Shamimu alimokijaribia kisukumizi chake.

Kisukumizi chenyewe ni kidogo, unakifumbata. Satelaiti ikishafika juu haina barabara ya kukanyaga wala maji ya kupigia kasia. Ikitaka kusogea lazima itupe kitu nyuma, nayo iende mbele. Chombo cha Shamimu kilitupa tefloni, ile ile inayopakwa kwenye vikaango ili mayai yasigande. Kipande cheupe cha tefloni kinakaa katikati ya vibao viwili vya shaba. Umeme unakusanywa kwenye kapasita, halafu unaachiwa ghafla, cheche inapiga, inakwangua tefloni chembe tu, na ile chembe inageuka mvuke wa moto na kufyatuka nje. Msukumo wake ukikupiga mkononi hata nzi aliyetua hapo hashtuki. Lakini huko juu hakuna cha kuuzuia, na ukirudiwa, ukarudiwa, satelaiti inahama.

Rafiki yake Ansbert, mwalimu wa uchomeleaji kwenye chuo kile kile cha ufundi ambako Shamimu anafundisha fizikia, alikiita chombo hicho Kiberiti. Ansbert ndiye aliyelichomelea pipa, kwenye karakana ya ndugu yake kule Wazo, ambako vumbi la saruji linamtua mtu mpaka kwenye kope. Ni Mhaya, mtu wa maneno mengi na mkono mtulivu. Mshono wake wa chuma ukiupitishia kidole huusikii.

Hapo mwanzo pipa lilikaa chuoni. Walipewa chumba, wakakifagia, wakakipaka rangi wenyewe. Muhula haujaisha, chumba kikatakiwa kuwekwa madawati mabovu. Shamimu akauliza kwa nini madawati mabovu yasikae nje, akajibiwa yatanyeshewa. Akauliza na pipa je? Akajibiwa pipa si ni la chuma. Basi ndipo lilipopanda Goba.

Sasa, jambo lenyewe lililomnyima Shamimu usingizi lilikuwa hili. Vyuo vitatu vilikuwa vimeungana kutengeneza satelaiti ndogo, ya kutosha kwenye boksi la viatu, na kwenye kona yake moja ilibaki nafasi. Walikubali kisukumizi cha Shamimu kiingie hapo, ila kwanza Injinia Brightson wa kamati yao aje akishuhudie kikifanya kazi kwenye utupu, kwa macho yake. Kikisukuma, kinapanda. Kisiposukuma, kona itajazwa kipande cha alumini cha uzito uleule, ili satelaiti isije ikalala upande. Hilo la alumini ndilo lililokuwa likimchoma. Angeshindwa na chombo cha mtu mwingine, sawa. Lakini kushindwa na bonge lisilojua hata kazi yake!

Injinia alisema atakuja Jumamosi.

Wiki nzima Shamimu alilisafisha pipa. Alilifuta ndani kwa spiriti, akalianika kwa taa zile nyekundu za kulelea vifaranga, maana unyevu wa pwani hii unang'ang'ania chuma, na pampu ikiwashwa ndipo unapoanza kuachia taratibu na kukupotezea siku. Akaweka masharti ya bandani. Viatu nje. Hakuna kushika ndani kwa mikono mitupu, jasho lina mafuta. Hakuna poda. Hakuna kukaanga samaki uani mlango wa pipa ukiwa wazi. Bi Mwamvita, mzaliwa wa Kimbiji aliyekulia kwenye samaki, alilipokea hilo la mwisho kwa uchungu, lakini alilitii. Wiki hiyo walikula maharage.

Jumamosi asubuhi Shamimu alizima taa za vifaranga, akauacha mlango wa pipa wazi ili joto lipungue, akaenda kuoga na kuvaa. Kisha akateremka mpaka chini lami inakoishia kumpokea mgeni, kwa sababu gari la Injinia lilikuwa la chini mno kwa mawe ya Goba.

Injinia Brightson alikuwa mtu mwembamba, mpole, wa kuongea kama anahesabiwa maneno. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu. Karibu sana. Hapa ni kwako," Bi Mwamvita alimjibu, naye amejitanda kanga mpya, nyumba nzima inanukia vizuri, pilau iko jikoni.

Shamimu na Ansbert, aliyekuwa ameshafika, wakafunga mlango wa pipa, wakawasha pampu. Sindano ya geji inayopima hewa iliyobaki ndani ikaanza kushuka. Ikashuka, ikashuka, ikasimama. Shamimu akaigonga geji kwa ukucha. Imesimama. Akamtazama Ansbert, Ansbert akazunguka pipa zima akikaza bolti ambazo zilikuwa zimekazwa.

"Kuna tundu?" Injinia aliuliza.

"Halina tundu," Ansbert akasema haraka. Mshono wake huo.

Wakasubiri. Chai ikanywewa, ikanywewa tena. Sindano ikajivuta kidogo kama mtu anayesogea kwenye benchi kwa kulazimishwa, ikakataa. Jua limepinda, na Injinia ameshatazama saa yake mara kadhaa kwa heshima, akiificha chini ya mkono wa shati. Shamimu akaona hapa pana mawili, kuwasha au kumwacha aondoke hajaona kitu.

Ndani ya pipa kisukumizi kilikuwa kimefungwa kwenye mkono mwepesi unaoning'inia kwa waya. Kwenye mkono huo kulikuwa na kioo kidogo, na kalamu ya leza ilikipiga kioo kile kutoka nje, nuru ikarudi na kuweka kidoti chekundu kwenye ukuta wa banda. Chombo kikisukuma, mkono unayumba, kidoti kinaruka ukutani. Hivyo ndivyo unavyoupima msukumo usioweza kumshtua nzi.

Akabonyeza.

Pipa likajaa mwanga. Mwanga wa zambarau mbivu, laini, umeenea kote ndani ya kioo kama kitu kilichomiminwa. Bi Mwamvita, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia, akapiga kigelegele mpaka mbwa wa jirani akajibu.

"Mashallah! Limewaka! Injinia, umeyaona mambo ya mwanangu?"

"Nimeyaona, mama. Inapendeza kweli."

Lakini Injinia hakuwa akitazama pipa. Alikuwa akitazama ukuta. Na kidoti kilikuwa pale pale, kama kimepigiliwa msumari.

Shamimu akabonyeza tena. Zambarau. Kidoti kimetulia. Akabonyeza tena na tena, na kila mwanga ulivyozidi kupendeza ndivyo roho yake ilivyozidi kushuka, kwa sababu yeye alijua maana yake. Pipa likiwaka zima namna ile, kuna kitu kimebaki ndani kinachotoa mvuke, na umeme unatawanyika humo badala ya kupiga pale kwenye tefloni. Uzuri wote ule ulikuwa uvivu mtupu.

"Sasa mbona mmenyamaza?" Bi Mwamvita akauliza. "Si limewaka?"

"Limewaka, shangazi. Halisukumi."

Walikula pilau bila stori nyingi. Injinia aliisifia, akaongezewa, na alipokuwa akivaa viatu akasema ripoti yake inatakiwa Jumatatu, haisogezwi. Kesho akitoka ibadani angeweza kupita mara moja tu. Shamimu akashukuru kwa sauti ya mtu aliyemeza mfupa.

Alipoondoka wakazima pampu, wakaachia hewa iingie, wakafungua mlango. Ansbert akaingiza kichwa ndani. Akakitoa. Akamtazama Shamimu.

"Madam, pipa lako linaenda harusini?"

"Ansbert, leo sina hamu ya utani."

"Sitanii. Nusa."

Shamimu akainama, akanusa. Hakusikia harufu yoyote. Akanusa tena.

"Pako kawaida."

"Kawaida kwako, maana na wewe unanukia hivyo hivyo. Ondoa huo mtandio, kapige hewa huko nje, halafu urudi unuse."

Shamimu akavua mtandio, akautundika kwenye kamba ya nguo, akaenda mpaka getini akasimama akivuta hewa ya vumbi ya barabarani. Aliporudi na kuingiza kichwa ndani ya pipa, akaisikia harufu. Udi. Tena si wa kupita na upepo. Umekaa. Akapitisha kitambaa cheupe kwenye chuma alichokifuta kwa spiriti wiki nzima, kikatoka na rangi ya kahawia, kinanata.

Bi Mwamvita alikuwa kwenye bomba la uani akisugua sufuria.

"Shangazi, asubuhi uliingia bandani?"

"Niliingia. Kwani kuna ugeni bila kufukiza? Nyumba nzima nimefukiza, nikasema na huko je? Pale pananuka mafuta ya pampu kama gereji, mgeni atatuonaje? Nikaingiza chetezo ndani ya pipa lako, nikarudishia mlango kidogo, kama ninavyofukizaga nguo kwenye lile tundu la kufukizia." Alinyoosha mgongo, amejaa fahari. "Na udi wenyewe si huu wa sokoni. Ni ule jirani yangu Raudha aliokuja nao kutoka Maka, ninauwekaga kwa siku maalumu. Wala sikugusa kwa mkono mtupu, si ulikataza? Nilishika kwa kitambaa kisafi. Na viatu nilivua."

Mtu mwingine angecheka, au angekaa chini. Shamimu alipayuka.

"Nani alikwambia uingize moshi kwenye pipa langu? Nani? Nimesema vumbi, nimesema mafuta, nimesema samaki, mtu unajitia kazi usiyoijua! Nani kakutuma?"

Bi Mwamvita akafunga bomba. Ansbert akajifanya anatafuta spana.

"Nimejituma mwenyewe," akasema taratibu. "Kwenye nyumba yangu."

Akajifuta mikono, akaingia ndani.

Mchana ule uliobaki Shamimu na Ansbert walisugua. Ndani ya pipa walimaliza upesi, tabu ikawa kwenye vitu vidogo, maana ile gundi ya moshi imeingia kwenye mpira wa mlango, kwenye maganda ya nyaya, kwenye nyufa za kauri inayoshikilia vibao vya shaba. Ukifuta inatoka, ukisubiri inachuruzika tena. Shamimu akasugua kauri kwa mswaki mpaka vidole vikaota malengelenge. Alikasirika na udi, akakasirika na chuo, na madawati mabovu, na Injinia kwa upole wake, na zaidi ya wote alijikasirikia mwenyewe. Katika masharti yote aliyoyaweka hakutaja udi. Angeutajaje? Amezaliwa ndani yake. Kwenye nyumba zao udi hauhesabiwi kuwa ni kitu unachokitia mahali. Udi ndio unaoondolea mahali uchafu. Yeye mwenyewe asubuhi ile alipita mbele ya pipa, pua mbele, asisikie lolote.

"Ungekuwa Mhaya ungesikia," Ansbert akasema.

"Ningekuwa Mhaya ningekuwa nimeshajisifu mpaka kamati imenipa satelaiti nzima."

Ansbert akacheka peke yake. Walifunga pipa, wakawasha pampu, wakaiacha ingurume.

Jumapili Injinia alifika na suti ya kanisani, akavua viatu na soksi. Bi Mwamvita alimpokea vizuri, lakini kwa Shamimu alikuwa hajasema neno tangu jana. Chai ilikuja mezani kwa ishara tu. Sindano ya geji ilikuwa imeshuka kuliko jana, ila haijafika inapotakiwa, na kila aliyekuwa mle bandani aliona hivyo bila kuambiwa.

Shamimu akabonyeza.

Safari hii pipa halikuwaka. Pale kwenye tefloni ilipiga cheche moja nyeupe, kali, fupi, na ukutani kidoti chekundu kikaruka.

"Kimeruka!" Ansbert akapiga kelele. "Injinia, Kiberiti kimeruka!"

"Nimeona. Tena, Mwalimu."

Akabonyeza tena. Zambarau hafifu, kidoti hakikucheza. Tena. Kikaruka nusu. Tena. Zambarau. Tena, zambarau. Akapumzisha, akarudia. Cheche nyeupe, kidoti juu, Ansbert amesimama kwa vidole vya miguu. Halafu zambarau nyingine inakuja polepole kama dhihaka. Ikawa hivyo mpaka shati la Injinia likalowa mgongoni.

"Kinasukuma kinapojisikia," Injinia akasema mwishowe, bila ubaya.

"Ni mabaki yale. Nikipata muda pampu iyavute..."

"Najua, Mwalimu. Ingekuwa najiandikia mwenyewe ningeandika kinafanya kazi. Lakini wameniuliza kama kinasukuma kila kikiamrishwa, na mimi nimeona hakisukumi." Akatoa simu, akaanza kuandika. "Sababu niweke ipi? Niandike uchafu ndani ya pipa?"

"Andika hivyo hivyo."

"Uchafu?"

Wote wakageuka. Bi Mwamvita alikuwa mlangoni, miguu mitupu, kanga imefungwa kifuani.

"Uchafu gani, baba? Udi wa Maka ndio unauita uchafu? Umekula kwangu jana, umekunywa chai yangu leo, unaniandikia uchafu kwenye simu?"

"Samahani, mama. Ni lugha ya kazi tu."

"Lugha ya kazi gani hiyo isiyo na heshima? Nimezeeka nikifukiza, mabibi harusi wangapi nimewafukiza mimi, hakuna aliyeniambia uchafu."

Ansbert aligeukia ukuta, mabega yanatikisika. Shamimu naye aliona kuwa kichekesho kipo, alikiona kabisa kikimpita, akashindwa kukifikia.

Injinia alifuta. "Niandike moshi, mama?"

"Moshi ni wa kuni. Andika moshi wa udi."

Ndivyo ilivyoandikwa. Kwenye ripoti ya watu wa satelaiti, penye nafasi ya sababu, pakakaa moshi wa udi.

Ansbert akamsindikiza mgeni mpaka chini kwenye gari. Shamimu akabaki amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, pampu inanguruma. Bi Mwamvita hakuondoka mlangoni.

"Kwa hiyo ni mie niliyekukosesha," akasema.

"Ni mimi sikukwambia, shangazi. Na maneno yale ya jana, nisamehe."

"Hukuniambia, ni kweli." Akafikiri. "Na ungeniambia nisingekusikiliza. Ningesema huyu kasoma mpaka kapotea, udi na chuma wapi na wapi."

Shamimu alitamani shangazi yake angekuwa mkaidi, angalau pawe na mtu wa kugombana naye.

Jumatatu hakwenda chuoni. Alituma ujumbe kwamba anaumwa, na hakuwa mbali na ukweli. Pampu ilikuwa haijazimwa. Alikwenda bandani kuizima tu, ndiyo nia yake, akaitupia geji jicho la mazoea. Sindano ilikuwa imelala chini kabisa, mahali alipoiombea ilale tangu Jumamosi.

Akawasha leza, akabonyeza.

Cheche nyeupe. Kidoti kikaruka. Akabonyeza tena, kikaruka. Akaweka ipige yenyewe mfululizo, ta, ta, ta, na ukutani kidoti chekundu kikawa kinaruka na kurudi, kinaruka na kurudi, hakikosi hata mara moja. Alichukua video, akamtumia Injinia, akakaa juu ya ndoo na simu mapajani.

Jibu halikuchelewa. "Hongera sana Mwalimu. Ni kazi nzuri kweli. Ripoti niliituma alfajiri, wamenijibu kona imeshajazwa. Alumini ilikuwa imekatwa tayari."

Ilikuwa imekatwa tayari. Kumbe walikuwa wakiikata yeye akisugua kauri kwa mswaki.

"Hodi," ikatoka sauti nje.

"Karibu, shangazi."

Bi Mwamvita hakuingia. Alichungulia tu, mikono amekunja nyuma kana kwamba asije akagusa kitu, akakitazama kidoti kikicheza ukutani.

"Kile chekundu kinachorukaruka, ndicho kile mlichokuwa mkikitaka?"

"Ndicho."

"Kwa hiyo leo kinasukuma?"

"Kinasukuma."

"Sasa mbona umenuna?"

Shamimu alifungua mdomo amweleze, habari ya kona na ripoti na bonge la alumini, akaona ni maneno mengi na hakuna hata moja litakalorudisha Jumamosi. Akanyoosha mkono akazima swichi, tefloni isiendelee kuliwa bure. Kidoti kikayumba kidogo ukutani, kikatulia.